Mwaka Tuliokaa Tukingoja Boti

Mwezi uliopita Kahindo alikuja kwa ndege. Alikunywa chai asubuhi kwake Kinshasa, na mchana huo huo alikuwa sebuleni kwangu hapa Makiso, katikati ya Kisangani, viatu amevua, anakula lituma, zile ndizi za kupondwa, na samaki kama mtu aliyetoka mtaa wa pili. Nikamtazama nikasikia hasira. Si kwamba nilimkasirikia yeye, maskini. Nilikasirikia ile njia. Njia hiyo hiyo tuliibishia hodi mwaka mzima, mimi na yeye, tukiwa na miaka ishirini na miwili, haikutufungulia. Sasa yeye amekuwa mama wa watu, mimi nina duka na magoti mabovu, na anakuja kusimamisha upya msalaba wa mama yake, ambao mvua za hapa zimeulaza. Mama yake amezikwa Kisangani, mji ambao hakuwa na mtu wake hata mmoja isipokuwa mimi, na mimi mwenyewe hakuwa akinijua. Alipomaliza kula, Kahindo alinawa mikono akasema, "Masika, ile siku ya kwanza ya mama hujawahi kunielezea. Unaanzaga katikati, unaniambia ya hospitali, ya mazishi. Nielezee siku ya kwanza." Kweli, nilikuwa nakwepa. Miaka yote hii nimekuwa nairuka siku ile kama mtu anavyoruka dimbwi mbele ya nyumba yake mwenyewe. Lakini siku ile haieleweki bila mwaka ulioitangulia, basi ngoja niuanze.

Habari za nani alimzaa nani na nani alimwacha nani naziacha. Inatosha kujua kwamba mama yake Kahindo aliondoka kwetu Butembo kwenda Kinshasa binti yake akiwa na miaka saba, akisema anatangulia kutafuta nyumba. Kisha vita vikaufunga mto Kongo, njia ya kwenda Kinshasa, na nyumba ikabaki huko na mtoto akabaki huku. Mto ulipofunguliwa, habari ilitufikia kupitia mfanyabiashara mmoja: mama yu hai, ana jirani mwenye simu, anamtaka mtoto wake. Kahindo akaanza kufunga begi siku hiyo hiyo. Na mimi je? Mimi nilitaka kutembea. Zamani niliwaona wazungu wakilala kwenye parokia yetu, mabegi makubwa mgongoni, wakila ndizi barabarani na kuchekelea kila kitu, hata matope. Nikasema nami nitatembea hivyo hivyo nchini kwangu, kwa senti chache, nione maporomoko, nione mto, nipige picha kwa kamera niliyoazima kwa kaka yangu. Kahindo alikuwa na safari, mimi nilikuwa na matembezi. Tukaviweka vyote katika mwendo mmoja, na hapo ndipo nilipokosea.

Lori la kwenda Kisangani, la siku sita, lilitumia siku ishirini na mbili. Tulilala chini yake, tulilisukuma, tulilitukana, na dereva kila jioni alisema, "Kesho tuko Kisangani," kwa sauti ya mtu anayesali. Tulipofika, wa kwanza kutusogelea alikuwa mchukuzi mmoja wa bandarini, akaanza kubonyezabonyeza begi langu. "Munaleta nini? Maharagi?" Nikamwambia hatuleti kitu, tunatembea tu. Akawaita wenzake waje waone. "Batu ya Butembo banatembeaka bule?" Wakacheka mpaka wakakaa chini. Mji mzima ulikuwa unawajua watu wa kwetu kwa magunia na maduka. Mabinti wawili kutoka kule wasiouza hata kiberiti walikuwa kituko. Hata padre mmoja wa pale alituuliza kwa upole kama mzigo wetu ulikuwa unakuja na gari la nyuma.

Tulipata boti ya kushuka mto mpaka Kinshasa. Ilikuwa boti ya kusukuma matishari mawili, imefungwa bandarini, na watu walikuwa wameshahamia juu yake na mbuzi wao, majiko yao, vitoto vyao. Kila familia ilitandaza mkeka, na mkeka huo ndio ulikuwa nyumba yake. Tukatandaza wetu kati ya mama mmoja mwenye mafurushi ya samaki wa moshi na rundo la sabuni. Kahindo akamuuliza karani wa boti tunaondoka lini. "Kesho." Kesho saa ngapi? "Ah, dada. Kesho ni kesho." Tulikaa siku nane juu ya maji yasiyokwenda popote. Tulipika pondu ya majani ya muhogo kwenye jiko la kuazima, tulisikiliza mabibi wakijadili kama mke wa kapteni katika bandari ya Bumba ndiye yule yule wa bandari ya Mbandaka, na kila jioni Kahindo alinisomea orodha ya vitu atakavyomwambia mama yake, akivifuta na kuvipanga upya. Alikuwa na hofu moja tu, akaisema waziwazi: kwamba wakikutana bandarini Kinshasa hawatafahamiana. "Nitapita mbele yake kama mutu wa soko," alisema. Nikamwambia damu inajua. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, nilikuwa na majibu ya kila kitu.

Siku ya tisa nikachoka. Nikasema hatuwezi kuwa Kisangani tusiwaone Wagenia wanavyovua kwenye maporomoko, tutajicheka wenyewe tukizeeka. Kahindo hakutaka. "Masika, na bateau ikienda?" Nikamjibu, "Itaenda wapi? Juma zima inalala hapa kama gogo." Akanifuata, kwa sababu Kahindo wa siku zile alikuwa akinifuata. Kabla ya kushuka nikafanya kile ambacho mtoto yeyote wa kike wa kwetu angefanya: nikaukunja mkeka, nikaufunga kwa kamba, nikaweka sufuria juu, mabegi kando, kila kitu safi. Kwetu ukiacha mkeka umetandazwa jua limeshapanda, unasemwa mtaa mzima. Yule mama wa samaki alikuwa bado amelala. Angekuwa macho, maisha ya watu watatu yangekuwa mengine.

Wagenia niliwaona, siwezi kukataa. Niliona magogo yaliyosimikwa kwenye mawe katikati ya maji yenye hasira, na vikapu vikubwa kama vibanda vikining'inia hapo, na wanaume wakipanda na kushuka kama wako kwenye ngazi za nyumbani. Wakatupakia kwenye mtumbwi. Nikasimama ili nimpige Kahindo picha na maporomoko nyuma yake. Wakapiga kelele nikae, nikasema sekunde moja tu. Na hiyo sekunde moja ikanitupa majini. Walinitoa kwa kunivuta blauzi, wakicheka na kunipa pole kwa pamoja. Kamera haikutoka. Ndani yake alikuwemo Kahindo juu ya lori, Kahindo kwenye matope, Kahindo akila embe, Kahindo amelala kinywa wazi. Mvuvi mmoja alitazama chini akasema, "Mayi imekula, dada." Kurudi tulipanda toleka mbili, baiskeli za kubeba abiria, yangu ikatoboka tairi, tukatembea. Tulikuwa bado mbali na bandari tuliposikia honi. Kahindo alianza kukimbia. Mimi nimeloa, viatu vinalia kwacha kwacha, namkimbilia nyuma naye hageuki.

Gatini tulikuta mkeka wetu umesimamishwa vizuri, umefungwa kwa kamba yangu ile ile, sufuria, mabegi, hata chumvi ilikuwepo. Hakikupotea hata kijiko. Boti ilikuwa katikati ya mto inageuza kichwa. Yule mchukuzi wa siku ya kwanza alitushangaa. "Kumbe hamukushuka?" Kahindo akapiga kelele, "Nani alikuambia tumeshuka?" "Mukeka ilikuwa ya kufunga," akasema. Aliyetueleza ni Mama Juliana, mjane mmoja wa mtaa wa Kabondo, mzaliwa wa Yanonge huko mtoni, aliyekuwa amemsindikiza dada yake kwenye boti hiyo. "Batoto yangu," alisema, "kwenye mto, mukeka inabakiaka wazi muchana na usiku. Ukienda choo, wazi. Ukienda soko, wazi. Mukeka inafungwaka siku ya kushuka. Hata mutu akifa, ni ndugu yake anamufungia." Watu wa boti walikuwa wameona mkeka umefungwa, wakasema wale wa Butembo wamebadili mawazo, wakatushushia vitu vyetu kwa heshima na kuwapa wengine nafasi. Mama Juliana akauliza, "Nani alifunga?" Nikafungua mdomo. Kahindo akaniwahi: "Tulifunga wote wawili." Alikuwa hajagusa hata ncha ya kamba. Afadhali angenipiga.

Mama Juliana alitupa chumba nyuma ya nyumba yake. Kuta zilipakwa rangi ya buluu mpaka nusu, juu chokaa tupu. Vitanda viwili, meza moja, dirisha linalotazama jiko la jirani, ambako mume na mke waligombana kila jioni juu ya redio, mume anataka mpira, mke anataka kwaya. Tulikula walichokula wenye nyumba: lituma, pondu, samaki wa kwenye majani, na siku za huzuni, kwanga ya muhogo na pilipili. Tulimsaidia kukaanga mikate yake ya asubuhi. Kahindo alikwenda Makiso kumpigia simu yule jirani wa mama yake, ambaye sisi tulimwita tonton, yaani mjomba, bila kumwona: mwambie mama boti imetuacha, tunakaa Kabondo kwa Mama Juliana nyuma ya kanisa, tunakuja na nyingine. Tonton akasema sawa. Na hiyo nyingine? Ya kwanza ilivunjika mashine ikiwa bado imefungwa. Ya pili ilikwama kwenye mchanga ikipanda, haikufika. Ya tatu ilijaa magogo, hawakutaka watu. Ya nne tuliandikishwa, tukatandaza mkeka, hatukuukunja hata kwa mvua, tukalala juu yake majuma matatu, kisha mwenye boti akagombana na mshirika wake na wote tukashushwa. Katikati ya hayo mimi, punguani, niliendelea kumvuta mwenzangu matembezini: uwanja wa ndege wa Simi-Simi kutazama ndege ndogo za wenye uwezo zikiruka, maporomoko ya Tshopo ambako mvua ilitukuta tukajibanza chini ya kibanda cha mahindi mpaka jioni. Nilidhani namliwaza. Siku hiyo ya Tshopo alisema, "Nimeshaona mayi yote ya muji huu, Masika. Nataka kuona mama." Akalia pale mbele ya mwuza mahindi, nami nikabaki nimeshika gunzi.

Tonton alikuwa akileta ujumbe: mama anauliza munakuja lini. Kahindo anajibu: karibuni. Mwezi unapita: mama anauliza tena. Karibuni. Mwezi wa tisa wa kungoja, simu ya tonton ikaacha kuita kabisa. Tukadhani simu imekufa, kama simu za siku zile zilivyokuwa. Mwezi wa kumi ikatokea boti ya mbao iliyokuwa inaondoka kweli, si ya kesho, ya saa hiyo, na ilikuwa na nafasi ya mtu mmoja pembeni ya kuni. Mimi nilikuwa kitandani na malaria, natetemeka mpaka kitanda kinatembea. Kahindo alisimama mlangoni na begi lake. Aliniuliza, "Niende?" Nikamwambia nenda, na usikunje mkeka. Akacheka na kulia, akaenda. Mara hiyo mto haukumchezea. Boti iliondoka mchana ule ule, Mama Juliana aliiona kwa macho yake.

Siku kumi na sita baadaye, saa tisa hivi za alasiri, mtu alibisha. Nilikuwa nimeanza kusimama bila kushika ukuta. Nikafungua, nikaona mama mmoja mfupi, kikwembe alichojifunga kimepauka kwa jua, beseni mkononi, miguu imevimba kwa kukaa. Alitazama juu ya bega langu ndani ya chumba kabla hajanitazama mimi. "Ni hapa Kahindo iko?" Nikasema ndiyo, ni hapa. "Mi ni mama yake." Naapa nilitamani malaria inirudie. Alikuwa amevaa hereni, nadhani alizivaa pale nje ya ua. Akaingia, akaweka beseni chini taratibu, akatafuta kwa macho. "Ameenda soko?" Hapana, mama. "Ameenda kanisa?" Hapana, mama. Akatabasamu, akadhani naficha jambo la kumfurahisha. "Basi iko wapi?" Nikamwambia, "Ameenda kwako."

Hakulia. Alikaa kwenye kitanda cha Kahindo, akavua kilemba, akanitaka nimwambie siku aliyoondoka, akahesabu kwa vidole. Miezi tisa alikuwa ameambiwa karibuni, karibuni, akaona mtoto wake amepigwa na umaskini au na aibu na hatakuja kamwe; basi tonton alipopoteza simu yake, yeye hakungoja ipatikane, akapanda boti inayopanda mto. Safari hiyo alimwambia mwenzake wa nyumba tu. "Tulikutana kwenye Bumba, nafikiri," akasema polepole, kama anayetafuta kitu mfukoni. "Kulikuwa bateau moja ya mbao, inashuka. Batu banapiga kelele, banaimba. Siye nasi tukapiga kelele. Nilipunga mukono." Akainua mkono akautazama. "Nilibapungia wote."

Kesho yake tulikwenda Makiso kungoja simu kwenye duka alilozoea kupigia Kahindo, na siku iliyofuata, na iliyofuata tena, mpaka Kahindo alipofika Kinshasa na kupiga yeye mwenyewe. Niliwasikia wakizungumza, dukani kila mtu aliwasikia. Walisalimiana kama wageni, halafu wote wawili wakaanza kusema mara moja kwamba wanarudi. Mama akapiga kelele: "Usitembee! Usitembee, nakuambia! Bakia palepale, lala mu kitanda yangu, mi nakuja!" Watu dukani walicheka, mimi pia nilicheka. Hakukuwa na boti juma hilo, wala lililofuata. Homa aliyokuja nayo kutoka mtoni, ambayo alikuwa akiiita uchovu, ilimlaza. Tulimpeleka hospitali, tukakaa naye, mimi na Mama Juliana kwa zamu. Aliishi nasi siku kumi na tisa tu. Tulimzika bila binti yake, na binti yake alikuwa amelala kwenye kitanda chake kule, akitii. Kahindo alibaki Kinshasa, akaolewa huko. Nami sikurudi Butembo. Nilianza kuuza maharagi, na mji ukaridhika kwamba hatimaye nimekuwa na akili.

Hayo yote Kahindo alikuwa anayajua, kwa vipande. "Lakini siku ile," alisema mwezi uliopita, hapa sebuleni, "baada ya kukuambia alipunga mukono. Alifanya nini mpaka jioni? Alikaa tu?" Nikaona sina tena pa kukimbilia. Nikamwambia.

Mama aliniomba picha. Alisema, nionyeshe hata moja, nijue sasa anafanana namna gani. Nikamwambia picha zote niliziangusha majini kwa ujinga wangu. Basi akaniuliza kwa maneno, na mimi, ambaye sijawahi kukosa maneno, nikayakosa. Uso wa mtu unausemaje? Nikaanza kumwigiza. Nikatembea kama Kahindo anavyotembea, kisigino cha kulia kinaburuta kidogo. Nikacheka anavyocheka, mkono juu ya pua. Mama akasema, "Pua ni ya baba yake, anajua, ndiyo maana anaificha," na akaniomba nicheke tena hivyo. Nilicheka mara tatu, machozi yananitoka. Halafu akauliza urefu. Nikachukua kipande cha mkaa, nikainua mkono juu ya pale rangi ya buluu inapoishia, nikapima kwa kumbukumbu, nikachora mstari kwenye chokaa. Akainuka na miguu yake iliyovimba, akasimama na mgongo ukutani chini ya ule mstari, akaweka kiganja juu ya kichwa chake mwenyewe, akageuka kutazama. Mstari ulikuwa juu sana. Akaushangaa, akaupapasa kwa kidole bila kuufuta. "Iko murefu kunishinda," akasema, akafurahi, jamani, akafurahi kweli. Akajaribu kusimama kwa vidole vya miguu, hakuufikia. "Bon. Hakuna neno. Tukikutana, yeye atainama."

Nilipomaliza, Kahindo aliuliza ukuta ule uko wapi. Nikamwambia Mama Juliana alipofariki nyumba ilivunjwa, pale sasa kuna stoo ya saruji. Kisha akainuka, akaja pale nilipokuwa nimesimama na sahani mkononi, mimi ambaye simfikii bega, akainama.